Shayiri, Udongo na Deni: Sumeri Machoni pa Karani

Ukitaka kuwajua Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo, weka kando kwanza gharika, shujaa Gilgamesh na ngazi za ziggurati, ile minara ya hekalu. Anza na kipimo cha shayiri. Wao wenyewe walianzia hapo.

Huko Uruk, mji ambao wasomaji wa kitabu cha Mwanzo wanaujua kwa jina la Ereku, wachimbaji wamepata vibao vya udongo takriban 5,000 vya kati ya mwaka 3350 na 3000 KK. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa duniani, na sehemu kubwa mno, kama asilimia 85 au zaidi, ni hesabu za ghala: mbuzi walioingia, mitungi ya bia iliyotoka, mashamba, nguo, watu wa kulishwa. Vilivyobaki ni orodha za maneno za kufundishia makarani. Orodha ya vyeo na kazi iliendelea kunakiliwa vilevile, mstari kwa mstari, karne baada ya karne. Hakuna shairi, hakuna dua, hakuna barua hata moja. Kibao kimoja mashuhuri kinasema tu: shayiri (karibu lita 135,000 kwa vipimo vyetu), miezi 37, Kushim. Huyo Kushim huenda ni mtu, huenda ni cheo cha msimamizi wa nafaka ya bia. Kama ni mtu, basi mojawapo ya majina ya kwanza kabisa kuandikwa na binadamu si la mfalme wala la nabii, ni la mtunza ghala.

Sababu iko ardhini. Kusini mwa Iraki ya leo, kati ya Frati na Tigri (ndio Hidekeli), hakuna jiwe la kujengea, hakuna miti ya mbao ndefu, hakuna madini, na mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Kuna tope, matete, jua na maji ya mto. Shayiri ndiyo ilikuwa chakula, bia, mshahara na fedha ya kununulia kila kilichokosekana. Nchi ya namna hiyo haiendeshwi kwa kukumbuka kichwani.

Kibao kinavyofinyangwa

Udongo wa kingo za mifereji huwa laini tayari, lakini haufai hivyohivyo. Hukorogwa majini, mchanga ukazama na vimizizi vikaelea. Lile tope jembamba humwagwa pembeni likatulia, maji yakaondolewa, kisha likakandwa mpaka hewa yote itoke. Hewa iliyobaki ndani ni adui: karani akibonyeza juu ya kipovu, alama inadidimia.

Hati ya kawaida ya mapokezi ya enzi ya Ur ya Tatu (dola ya wafalme wa mji wa Ur, 2112 hadi 2004 KK) inaenea kiganjani, sentimita 3 hadi 5 tu. Upande wa mbele huwa bapa na wa nyuma umevimba kidogo, kama andazi lililokandamizwa upande mmoja. Hii ni faida kwa msomaji wa leo: ukikabidhiwa kibao usichokijua, ule upande bapa ndio mwanzo. Ukimaliza, usikigeuze kama ukurasa wa kitabu. Ukingo wa chini ndio unaopanda juu, na maandishi ya nyuma yanaanzia palepale yalipokomea ya mbele. Wanaofungua kibao kama kitabu hukuta nyuma maandishi yamesimama kichwa chini, wakadhani karani alikosea.

Kalamu ni tete lililokatwa ncha. Halichorwi juu ya udongo, hubonyezwa. Kona yake ikizama inaacha kichwa cha pembetatu, ubavu wake ukilala unaacha mkia, na hiyo ndiyo kabari iliyoupa mwandiko huu sifa yake. Vichwa hukaa juu au kushoto, mikia hushuka au huelekea kulia. Kabari ya wima, ya mlalo, ya mshazari, pamoja na ile kona fupi isiyo na mkia: kwa hizo nne huandikwa mamia ya alama.

Unyevu ndio kila kitu. Udongo ukiwa mbichi mno unang'ang'ania tete na kingo za kabari zinaporomoka. Ukikauka mno unapasuka, na alama haizami. Kibao kikubwa kinakauka nje kabla ya ndani, kikapata nyufa, ndiyo maana vikubwa vingine vilifinyangwa kwa kiini kisha vikavikwa ganda la udongo mwembamba ulio safi zaidi. Kosa likitokea mapema hufutwa kwa kidole gumba, na vibao vingi vina mabonde madogo ya dole hilo chini ya neno lililosahihishwa.

Hati nzito za madai zilitiwa ndani ya bahasha, nayo ya udongo, juu yake yakarudiwa maneno yale yale na kuviringishwa mhuri wenye umbo la kipande cha mwanzi. Ugomvi ukizuka, bahasha inavunjwa mbele ya mashahidi na maneno ya ndani yanalinganishwa. Kazi yake ina mtego: udongo mbichi hunywea ukikauka, ilhali kibao cha ndani kikishakauka hakinywei tena. Asiyepima muda huambulia bahasha yenye ufa.

Vibao havikuchomwa, isipokuwa vichache. Vilianikwa tu. Vya shuleni vililowekwa vikafinyangwa upya; katika nyumba moja ya kufundishia makarani katika mji wa Nippur, ya karne ya 18 KK, palikutwa sanduku la kulowekea lililojengwa humo humo pamoja na vipande karibu 1,400 vya kazi za wanafunzi. Na hapa pana kejeli ambayo watu wa makumbusho wanaijua vizuri: moto unaoteketeza ikulu ndio unaookoa kumbukumbu zake. Hifadhi ya vibao ya mji wa Ebla huko Shamu, iliyofukuliwa miaka ya 1970, ilipikwa na moto ulioangusha jumba lenyewe takriban mwaka 2300 KK. Adui wa kibao kibichi ni chumvi iliyomo udongoni. Hewa ikibadilika unyevu, chumvi inatoka juu kama ukungu mweupe na kubandua uso pamoja na maandishi.

Kusoma risiti

Namba kwanza, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwanza. Kabari ndogo ya wima ni 1, kona ni 10, kabari kubwa ya wima ni 60. Kufikia hapo ni rahisi. Matatizo yanaanza kwenye vipimo vya ujazo, kwa maana ngazi zake hazina hesabu moja:

sila 10 ni ban 1. Ban 6 ni bariga 1. Bariga 5 ni gur 1.

Sila ni wa ukoo wa kibaba chetu, karibu lita moja. Gur basi ni sila 300. Kibao kikisema gur 2, bariga 3, ban 4, sila 5, hesabu ni 600 na 180 na 40 na 5, jumla sila 825. Anayezidisha kila ngazi kwa 60, kwa sababu amesikia kwamba Wasumeri walihesabu kwa 60, anapotea. Anayechukua gur ya Ur ya Tatu na kuipeleka kwenye vibao vya mji wa Girsu vya karne tatu au nne nyuma naye anapotea, kwa kuwa kule gur moja ilikuwa sila 144.

Kwenye hesabu za pembeni makarani walitumia mfumo wa 60 ambao thamani ya tarakimu inategemea mahali ilipokaa, kama sisi na 10, ila hawakuwa na sifuri wala nukta. Alama ile ile moja ni 1, ni 60, ni sehemu moja ya 60. Kilichokulinda ni akili yako: hakuna mtu mmoja anayekula sila 3,600 kwa siku. Kugawanya walikuwa hawagawanyi. Walizidisha kwa kinyume cha namba, kutoka kwenye jedwali lililokaririwa. Kwa 2, kwa 3, kwa 5 mambo yanakwenda. Kwa 7 hayaendi, kwa vile moja gawanya kwa saba haliishi katika mfumo wa 60, na majedwali yanairuka tu 7 kana kwamba haipo.

Maneno ya risiti ni machache na hayabadiliki. Kwanza kiasi na kitu chenyewe. Kisha *ki* fulani *-ta*, yaani kutoka kwa fulani. Kisha jina la pili na *shu ba-ti*, amepokea. Neno kwa neno, mkono umekikaribia kitu. Mwisho mwezi na mwaka. Miaka haikuwa na namba bali majina, na jina likaamriwa kutoka ikulu: mwaka wa pili wa mfalme Amar-Sin ni mwaka ambao Amar-Sin aliiangamiza Urbilum, ndiyo Erbil ya leo. Karani asiyejua orodha ya majina ya miaka hawezi kujua deni lina umri gani.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati asiyoijua. Kisumeri hakina ndugu kati ya lugha zote zinazojulikana, si Kisemiti wala si cha Kiajemi, lakini kitenzi chake kinajengwa kwa kupanga viambishi mbele ya mzizi, kama chetu. Matofali ya Ur-Nammu yaliyochimbwa Ur yanasema: *Nanna lugal-ani*, kwa Nanna (mungu wa mwezi), bwana wake, *Ur-Nammu lugal Urima-ke*, Ur-Nammu mfalme wa Ur, *e-ani munadu*, nyumba yake alimjengea. *Du* ni jenga, *na* ndiyo hiyo "m-" na "-ea" za alimjengea kwa pamoja, anayejengewa akiwa ndani ya kitenzi. Mwingereza anahitaji maneno manne au matano kulisema hilo; sisi tunahitaji moja, nao vivyo hivyo. Hata majina waliyagawa kwa ngeli, mbili tu, watu upande mmoja na vitu upande mwingine. Wanyama waliwekwa kwenye ngeli ya vitu.

Shamba kabla ya kulimwa

Ugumu wa kwanza wa mkulima wa Sumeri ni kalenda ya mto. Nili hufurika mwishoni mwa kiangazi, maji yakipungua mkulima wa Misri anapanda. Frati na Tigri hujaa Aprili na Mei, theluji ya milima ya Anatolia na Zagros ikiyeyuka, na hapo shayiri ya kusini inavunwa. Maji yanakuja yakiwa hayatakiwi, na wakati wa kupanda, vuli, mto uko chini. Mifereji basi ina kazi mbili zinazopingana: kulinda shamba wakati wa mafuriko na kulinywesha wakati wa ukame. Isitoshe tope linaujaza mfereji kila mwaka, usipozolewa unakufa.

Uzoaji huo ulikuwa na kiwango. Mtu mmoja alitarajiwa kuchimba mita za ujazo 3 kwa siku. Chukua mfereji wa kilomita moja, upana mita 2, kina mita 1: ni mita za ujazo 2,000, yaani siku-mtu 667. Kwa posho ya sila 2 kwa siku, ni sila 1,334, chini kidogo ya gur nne na nusu. Karani aliyajua haya kabla jembe halijagusa ardhi, na ndiyo nguvu yote ya dola ile.

Kuna maandishi ya mafunzo ya mkulima yaliyotungwa kama wosia wa baba kwa mwana, na ni sahihi kiasi cha kushangaza. Lima mistari minane kwa kila nindan moja ya upana. Nindan ni mita 6, kwa hiyo kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 75. Mbegu iende chini vidole viwili, gin moja kwa kila nindan ya mstari, na gin ni sehemu moja ya 60 ya sila. Jembe lao la ng'ombe lilikuwa na mrija uliosimama nyuma ya ulimi. Mtu alidondosha mbegu mrijani huku wenzake wakiendesha wanyama, mbegu ikaangukia moja kwa moja ndani ya mfuo badala ya kutawanywa kwa mkono.

Sasa piga hesabu. Mraba wa nindan moja kwa moja, unaoitwa sar, una mistari minane, gin 8. Sar 100 ni iku moja: gin 800, sila 13 na theluthi. Iku 18 ni bur moja, karibu hekta 6.5: sila 240. Na ukienda kwenye kumbukumbu za mashamba ya hekalu za Ur ya Tatu, mbegu inayotolewa ghalani kwa bur moja ni sila 240. Maandishi ya kufundishia na daftari la ghala vinasema kitu kimoja. Hakuna ushahidi mzuri zaidi wa kwamba mafunzo yale hayakuwa mapambo.

Mavuno yaliyotarajiwa yalikuwa gur 30 kwa bur, sila 9,000 kwa mbegu ya 240, yaani mara 37 na nusu. Wengi husoma hapo wakadhani shamba lilikuwa na rutuba ya ajabu. Siyo. Kwa hekta ni lita 1,400 hivi, mavuno ya wastani. Uwiano uko juu kwa sababu mbegu ilikuwa kidogo: ilipandwa kwa nafasi, kila punje ikachipuza mashina mengi, na hakuna iliyopotelea kwa ndege. Lita 37 za mbegu kwa hekta ni ubahili wenye hesabu.

Wosia ule unaendelea kwa umwagiliaji: mara tatu, kila mara kwa dalili ya mmea wenyewe. Ukiona shayiri inageuka nyekundu, ni ugonjwa, usiongeze maji. Ikiwa imepona, inyweshe mara ya nne, utapata sila moja ya ziada kwa kila ban. Asilimia kumi, imeandikwa miaka 3,700 iliyopita au zaidi.

Posho na mnyapara

Shayiri ikishaingia ghalani inatoka kama posho. Neno letu hilo halina haja ya kutafsiriwa: kipimo cha nafaka anachopewa mtu kwa kuwa yuko chini ya kazi ya mwingine. Mwanamume sila 60 kwa mwezi, mwanamke 30, mtoto 10 hadi 20 kwa kadiri ya umri, pamoja na sufu ya nguo mara moja kwa mwaka na mafuta kidogo. Sila moja ya shayiri ni gramu 600 hivi. Mwanamke aliyesaga unga siku nzima akiwa amepiga magoti mbele ya jiwe aliishi kwa gramu hizo 600, na kama ana mtoto mchanga mgongoni, mtoto naye ana mstari wake kwenye kibao.

Vibao vya mji uitwao Umma vinaonyesha mtu aliyebanwa zaidi, naye si mfanyakazi. Ni mnyapara wake, *ugula*. Mwaka wa hesabu una miezi 12 ya siku 30. Tuseme mnyapara amekabidhiwa wanawake 36: anafunguliwa hesabu akiwa anadaiwa siku za kazi 12,960. Sehemu moja ya sita ni siku zao za mapumziko, 2,160, zinakatwa. Zimebaki 10,800, na kila siku lazima aithibitishe kwa unga uliopimwa, kwa mavuno, kwa kuvuta jahazi, au kwa kibao chenye mhuri cha ofisa mwingine aliyewaazima. Aliyekufa anakatwa kuanzia siku aliyokufa. Mgonjwa anaandikwa mgonjwa. Kilichopungua kinaitwa *la'i*, upungufu, nacho kinaingia mstari wa kwanza wa hesabu ya mwaka unaofuata. Viwango viliwekwa juu, upungufu ukawa ndio kawaida, na deni likarithiwa mwaka hadi mwaka. Mnyapara akifa nalo, dola ilikamata mali yake na watu wa nyumba yake.

Binafsi naona hapa ndipo sifa za "ustaarabu wa kwanza" zinapohitaji kupozwa. Hesabu zilizojenga mifereji ndizo zilizomfunga mtu deni asilolikopa.

Mikopo ya hiari nayo ilikuwapo. Riba ya fedha, yaani madini yenyewe, ilizoeleka kuwa moja ya tano, ya shayiri moja ya tatu. Fedha ilikwenda kwa uzani: gin 60 (hapa ni gin ya uzani, si ile ya kupimia mbegu) ni mina 1, karibu nusu kilo. Kwa riba ya moja ya tano, mina moja inazaa gin 12 kwa mwaka, gin moja kila mwezi, hesabu ambayo hata asiyesoma aliimudu. Enmetena, mtawala wa Lagash karibu mwaka 2400 KK, aliandika kwenye koni ya udongo jinsi majirani wa Umma walivyolima ardhi ya mpakani kwa mkopo wa shayiri, riba ikapanda juu ya riba mpaka ikawa kiasi ambacho nchi yote isingeweza kukitoa. Vita vilifuata, na maji ya mfereji wa mpakani yakawa silaha.

Shayiri ilikonunua

Shaba ilitoka Magan. Magan ni Omani na sehemu ya Falme za Kiarabu za leo, na njia yake ilipita Dilmun, ndiyo Bahrain. Mbele zaidi palikuwa na Meluhha, bonde la Indus. Wafanyabiashara wa Ur walipakia nguo za sufu, mafuta na nafaka, wakarudi na shaba, pembe za ndovu, akiki. Gudea wa Lagash alijisifu kwamba jiwe jeusi gumu la sanamu zake lilitoka Magan, na sanamu zenyewe zipo Louvre mpaka leo. Huko Ras al-Jinz, pwani ya mashariki ya Omani, wachimbaji waliokota mamia ya vipande vya lami iliyopakwa nje ya majahazi: upande mmoja una alama za matete na kamba, upande wa pili umeshikwa na viumbe vya baharini. Mwenye kujua mtepe wa Lamu ulivyoshonwa kwa kamba ataielewa picha hiyo bila maelezo.

Kuna kitu kidogo kinachotugusa karibu zaidi. Katika kaburi la Eshnunna, Tell Asmar ya leo, la katikati ya milenia ya tatu KK, ilipatikana kidani ambacho watafiti walioipima kemia yake walitangaza mwaka 1991 kwamba ni sandarusi (utomvu mgumu wa mti), tena ya aina ya pwani ya Afrika Mashariki. Wapo wanaoshuku asili hiyo, na kipande kimoja hakitoshi kuchora njia ya biashara. Ila sandarusi imo mezani.

Upande wa mashariki, Waelami wa Susa, katika Irani ya leo, walikuwa majirani wa kila siku na maadui wa kila kizazi. Karibu mwaka 3100 KK waliichukua fikra ya kibao wakabuni alama zao, ambazo sehemu kubwa haijasomeka mpaka sasa isipokuwa namba. Namba zinasomeka.

Mwaka wa Ibbi-Sin

Maji ya kumwagilia yana chumvi kidogo. Shamba lisilotoa maji vizuri linapandisha maji ya chini ya ardhi, jua linayavuta juu, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Ngano inashindwa mapema, shayiri inavumilia zaidi. Mwaka 1958 watafiti Thorkild Jacobsen na Robert Adams walitoa hoja kwamba hivyo ndivyo kusini ilivyodhoofika, ngano ikipungua na mavuno yakishuka karne baada ya karne. Hoja ilipendwa mno, hadi ikawa hadithi ya kufundishia watoto. Waliokuja baadaye wamekumbusha kwamba wakulima wale walijua dawa: kulaza shamba mwaka mmoja mmoja, kuacha magugu yenye mizizi mirefu yakaushe udongo wa chini, kuosha chumvi kwa maji mengi. Nadhani wako sawa kwa nusu. Dawa hizo zinataka maji mengi na ardhi ya kupumzisha, na dola inayodai gur 30 kwa kila bur haipendi kuona ardhi imelala.

Kilichoiangusha Ur kwanza kilikuwa usafiri wa nafaka. Ibbi-Sin, mfalme wa tano na wa mwisho, alipoteza miji mmoja baada ya mwingine. Kati ya mwaka wake wa pili na wa nane makarani wa Drehem, Umma, Girsu na Nippur waliacha kutumia majina ya miaka yake. Barua inayojulikana kwa nakala za wanafunzi wa baadaye inamwonyesha ofisa wake Ishbi-Erra, aliyetumwa kaskazini kununua shayiri kwa talanta 20 za fedha. Talanta ni mina 60, mina ni gin 60: gin 72,000. Bei, anaandika, ni gin moja kwa gur, amepata gur 72,000. Lakini Waamori, wahamaji wa magharibi, wameingia nchini, nafaka ameiweka katika mji wa Isin, hawezi kuifikisha. Mfalme atume majahazi 600, kila moja la gur 120.

Zidisha: 600 kwa 120 ni 72,000. Hesabu imekaa sawasawa. Majahazi hayakwenda, Ishbi-Erra akabaki na nafaka, kisha akabaki na Isin na ufalme. Mwaka 2004 KK Waelami waliingia Ur na Ibbi-Sin akapelekwa mateka Anshan, katika nchi ya Waelami.

Vibao vya karakana ya Isin ya miaka hiyo vipo, mamia kadhaa: ngozi, kamba, lami, samani. Kiasi, kitu, kutoka kwa fulani, fulani *shu ba-ti*, mwezi. Maneno ni yale yale ya Ur. Mstari wa mwisho tu ndio umebadilika: mwaka ambao mfalme Ishbi-Erra aliwatoa Waelami waliokuwa wakikaa ndani ya Ur.